Protokole na Mkono wa Kushoto

Kama umewahi kuhudhuria harusi mtaa wa Songo au wa Mulongwe, huku Uvira, katika miaka ishirini iliyopita, basi yaelekea ni Basile aliyekuonyesha pa kukaa. Wiki nzima aliuza misumari, kufuli na bawaba katika duka lake dogo la Mulongwe. Jumamosi alivaa suti yake ya kijivu, akapiga viatu rangi mara mbili, akawa protokole. Kwetu protokole ndiye anayesimama mlangoni pa ukumbi, anayejua yupi ni mjomba wa bibi harusi na yupi ni jirani tu aliyefuata harufu ya nyama, na anayempeleka kila mmoja kwenye kiti chake bila mtu kuaibika. Basile alizaliwa na kipaji hicho. Angeweza kukuondoa kiti cha mbele mbele ya watu mia tatu, na ukamshukuru.

Lakini kilichomtambulisha hasa ni salamu yake. Huku kwetu mtu wa heshima husalimiwa kwa mikono miwili: wa kulia unatangulia, wa kushoto unakuja kuushika huo wa kulia chini kidogo ya kiwiko, na kichwa kinainama. Ukimpa mkubwa mkono mmoja mkavu, umemwambia kwamba humjali. Na ukimpa wa kushoto, heri ungemtukana tu, maana tusi husahaulika. Basile alikuwa mkali kwa mambo hayo kuliko padri kwa sakramenti. Kuna bwana harusi mmoja, sitamtaja kwa kuwa ana watoto wakubwa sasa, ambaye Basile alimrudisha mpaka nje ya ukumbi aingie upya na kuwasalimu wakwe vizuri. Watu walipiga makofi.

Basi ugonjwa, ambao hauna adabu, ukaenda kumshika palepale.

Ilikuwa Jumatatu ya mwezi wa tatu, asubuhi. Basile alikuwa akitundika kufuli mlangoni pa duka, moja ikamponyoka mkono wa kushoto. Akainama kuiokota, hakuinuka. Mdomo ulikwenda upande, maneno yakatoka kama ya mtu aliyejaza ugali kinywani. Majirani wakajaa. Mdogo wake, Evariste, mtu wa moyo mzuri na haraka nyingi, alimtazama mara moja tu akawa ameshapata jibu.

"Ni karuho!" akapiga kelele. "Bamemulisha sumu kaka yangu!"

Karuho ndiyo sumu ya polepole inayosingiziwa magonjwa yote ya pande hizi, kuanzia kikohozi hadi kisukari. Evariste alikuwa ameshasimamisha pikipiki ampeleke kaka yake kwa mganga wa kuitapisha, mwendo wa saa mbili kwenye bonde la Ruzizi, wakati Josée, mke wa Basile, alipofika mbio na kitenge kinamdondoka.

"Karuho alikula wapi?" akauliza.

"Shemeji, kwani minye nitajua? Mu chakula!"

"Chakula yote ya jana na ya leo nilipika minye. Alikula kwangu tu. Sasa sema mbele ya hawa bantu, weye Evariste: minye njo nilimulisha sumu?"

Evariste akafunga mdomo. Ni mara chache sana alikuwa akifanya hivyo, na safari hii pengine aliokoa ubongo wa ndugu yake. Josée alimpandisha mumewe kwenye ile pikipiki iliyokuwa imeitwa kwa kazi nyingine, akakaa nyuma yake amemkumbatia asianguke, na dereva akaelekea hospitali. Huko daktari aliita ugonjwa kwa jina lake, AVC, yaani kiharusi. Damu imekosa njia upande mmoja wa ubongo, akasema, na seli za ubongo zikikosa damu zinakufa kwa dakika, siyo kwa siku. Za katikati zimekwisha kufa. Za pembezoni zilikuwa taabani, lakini kwa kuwa mama aliwahi, nyingi zitapona. Josée alikwenda nyuma ya jengo, akalia, akanawa uso, akarudi kuuliza mgonjwa ale nini.

Kufikia mwezi wa sita Basile alikuwa akitembea, akiburuta mguu kidogo tu, na mdomo umerudi mahali pake. Mkono wa kushoto ndio uliobaki nyuma. Vidole vilifunguka kidogo, vikajifunga tena. Ulining'inia tu ubavuni, kana kwamba mtu alimwachia autunze kisha asirudi kuuchukua. Alipojaribu kumsalimu mtu, mkono wa kulia ulikwenda mbele peke yake, mkavu, kama wa mhuni. Basile akaacha kutoka nje. Akaacha kanisa. Harusi tatu zilipita mtaani bila yeye, na katika mojawapo, Josée alimsimulia kwa hasira, shangazi wa bibi harusi alikalishwa karibu na spika.

Na harusi ya nne ilikuwa ya kwake. Binti yake Fabiola alikuwa amechumbiwa na Lionel, kijana wa Mutarule, huko bonde la Ruzizi, na ukoo wa Lionel ungekuja kuleta mahari Jumamosi moja katikati ya mwezi wa nane. Mbele yao angetembea baba mkubwa wa kijana, Mzee Nizigiyimana, mtu ambaye bonde zima linamsalimu kwa kuinama. Basile akasema sherehe isogezwe hadi mwaka ujao.

"Papa, mwaka kesho?" Fabiola akauliza. "Lionel amengoja miaka miwili."

"Nitapokea muzee kama ule na mukono moja? Minye, Basile? Heri nife."

"Basi tuwaeleze kama ulikuwa mugonjwa."

Hapo ndipo baba alipowaka. Wale watu wa bondeni, akasema, ukiwaambia AVC watasikia karuho, na wakisikia karuho wataanza kuuliza ukoo huu una maadui gani na kama damu yao ichanganywe na yetu. Akamwapisha mkewe. Akamwapisha Evariste, mara mbili. Akamwapisha Fabiola kwamba hatamwambia Lionel, hata kidogo, hata kwa simu. Fabiola aliapa huku akilia.

Ndipo alipoingia Annie.

Annie alikuwa kine, yaani mtaalamu wa kurudisha viungo kazini baada ya ugonjwa, mwanamke wa miaka thelathini mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Alikuwa anafanya utafiti wa masomo yake juu ya watu waliopata AVC, na alihitaji wagonjwa wanane. Saba alikuwa nao. Alikaa sebuleni kwa Basile, akanywa chai, akaeleza kwamba wakubwa wa sayansi duniani wanatafuta dawa ya kuzikinga seli za ubongo zisife, wamejaribu nyingi, na nyingi zimewaangusha.

"Siku watapata, tutafurahi," akasema. "Minye siko na ile dawa. Niko na soksi."

"Soksi," Basile akarudia.

"Tutafunga mukono yako ya kulia. Ile muzuri. Masaa tano kila siku, wiki sita. Byote unafanya, ufanye na ya kushoto."

Basile alimtazama Josée, kwa jicho la kuuliza ni nani aliyemleta huyu. "Madamu Annie, ile ya kushoto imekufa."

"Haikufa, Papa Basile. Mukono iko muzima. Ni mu kichwa njo njia ilikatika. Mwaka ule muto ya Mulongwe ilibeba daraja, mulikosa kwenda soko?"

"Tulizunguka juu."

"Kulikuwa njia kule juu?"

"Hapana. Tuliikanyaga mpaka ikakuwa njia."

"Ee. Lakini kama daraja ingebaki, nani angezunguka? Seli zilikufa, hazirudi. Zile za pembeni zinaweza kujifunza kazi ya jirani, ila zitajifunza tu kama mukono ya kulia haiko pale kuzisaidia."

Njia ile ya juu Basile aliikanyaga yeye mwenyewe, na gunia la misumari kichwani. Wakakubaliana: kama baada ya wiki sita mkono utainuka, mahari itapokelewa kwa tarehe yake. Kama sivyo, mwaka ujao. Annie akamwekea karatasi ya ridhaa, naye akaitia sahihi kwa kushoto, mstari uliopanda ukashuka ukatoka nje ya karatasi.

Soksi ilikuwa ya mpira wa miguu, nene, yenye mistari ya kijani, na Josée aliifunga kifundoni kwa ukanda wa kitenge, mafundo manne. Fabiola akaipa jina la buroko, yaani jela. "Papa, mukono iko buroko?" aliuliza kila asubuhi, na Basile akanyanyua mfungwa wake hewani kwa uchungu.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya matusi ya kimyakimya. Alikula kwa kijiko, na kijiko kilikwama kifuani kikamwaga, ikabidi ainame kukifuata. Alifunga kifungo kimoja cha shati kwa muda ambao misa ndogo ingeanza na kwisha. Annie alikuja mara tatu kwa wiki, akamwagia maharage mezani na kumtaka ayahamishie kwenye kikombe, moja moja, yeye anatazama saa na kuandika. Siku ya kwanza alihamisha mawili kwa dakika. Siku ya nne, mawili. Siku ya tisa, mkono ukaokota la tatu, la nne, hadi la sita, na Basile akapiga kelele mpaka Josée akatoka jikoni na mwiko akidhani ameanguka.

"Sita!" Basile alisema. "Mama Fabiola, sita!"

"Sita ya nini?"

"Maharage!"

"Nimeolewa na muntu anashangilia maharage mabichi," Josée akasema, akaketi kutazama, na chakula kikaungua.

Tangu hapo nyumba ikachangamka. Evariste akawa anapita jioni kuuliza matokeo kama ya mpira. Kumi na moja. Kumi na tatu. Tisa, kwa sababu alilala vibaya. Kumi na saba. Kitu kimoja tu kiligoma. Mkono uliinuka kutoka mezani hadi kifuani, ukafika pale, ukasimama. Annie alimwomba afike begani, afike usoni, hata kwa kuudanganya, haukupita. Na alipoambiwa ashike mkono wake wa kulia kama anavyosalimu, ulishuka kabla ya kufika. Basile aliangalia kalenda ukutani, akahesabu siku.

Wiki ya nne, Jumanne, yupo peke yake nyumbani. Hodi mlangoni. Akajua ni Annie, akafungua kwa kushoto, kwa fahari. Hakuwa Annie. Alikuwa mama mrefu mwenye kitenge cha sikukuu, na kuku mwekundu kwapani.

"Karibu… mama."

"Nilikuja Uvira kwa kazi yangu, nikasema nisipite bila kuona nyumba ya bakwe," alisema. "Ni minye Apollinarie. Shangazi wa Lionel."

Akanyoosha mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kuku, kichwa kimeinama kwa heshima zote.

Hebu mwonee huruma Basile. Mkono wa kulia umo kwenye soksi, na mafundo manne ya Josée hayafunguliki kwa vidole vya maharage kumi na saba. Akiuzuia, amemnyima mgeni salamu. Akimpa soksi, amempa mgeni soksi. Miaka ishirini ya protokole haikuwahi kumfundisha salamu ya soksi. Mwisho akatoa mkono wa kushoto, na ili kuutia heshima akaushikilia chini kwa ile soksi ya kijani.

Mama Apollinarie aliutazama mkono huo. Akaugusa kwa ncha za vidole.

"Mukono ya kuume iko na nini?"

Ukweli ulikuwa pale ulimini. Basile akaumeza. "Niko nafanya… sport, mama."

"Sport."

"Ee."

Mgeni akakaa. Akanywa Fanta nusu. Akamwacha kuku, akaaga bila kunyoosha mkono tena. Josée aliporudi alimkuta mumewe ameketi na kuku mbele yake, wanatazamana.

"Nimeua ndoa ya mwanangu," Basile akasema, na hapo hapakuwa na utani. Alilia kama mtoto, kamasi na machozi, na Josée akamfuta kwa kanga yake kwa sababu mkono mmoja ulikuwa jela na mwingine haukufika.

Fabiola alisikia habari hiyo mlangoni. Akatoka uani na simu yake.

Siku kumi, kimya. Siku ya kumi na moja ukaja ujumbe kutoka Mutarule kwa simu ya Evariste: Tutakuja Jumamosi ile ile. Hakuna salamu, hakuna baraka. Basile aliusoma mara saba. Wanakuja kukataa, akasema. Watu wa heshima hawavunji uchumba kwa simu, wanakuja wenyewe. Aliendelea na maharage kwa sababu Annie hakumpa nafasi ya kuacha, akafika ishirini na mbili, na hakushangilia.

Jumamosi ilipofika nyumba ilipambwa, viti mia vilikodiwa, Josée na dada zake walipika tangu alfajiri. Annie naye alialikwa, akaja na gauni la bluu na daftari lake mkobani. Basile alivaa suti ya kijivu. Soksi aliivua. Mkono wa kushoto aliutia mfukoni.

"Toa," Annie akamwambia.

"Leo hapana, binti yangu. Leo niache nianguke vizuri."

Magari mawili yakasimama, watu wakashuka, wakajipanga barabarani kama ilivyo desturi, wakubwa mbele: ishirini na wanne, Basile aliwahesabu kwa mazoea. Mzee Nizigiyimana alitangulia na fimbo yake. Mama Apollinarie alikuwa mwisho kabisa, nyuma ya vijana, na Basile alijua maana ya mahali hapo; mtu aliyeudhika hukaa nyuma. Akavuta pumzi, akasogea mbele, akanyoosha mkono wa kulia, mmoja, mkavu.

Mzee hakuupokea. Alihamisha fimbo, akanyoosha wake wa kushoto.

Basile alidhani ndilo tusi lenyewe, analipwa kwa alichotoa. Lakini mzee alikuwa anacheka, meno machache aliyonayo yote nje.

"Batu bameniambia hapa kwako mukono ya kushoto njo iko mugonjwa na inatafuta kazi," alisema. "Basi tumeiletea kazi. Toa mu poshi, mukwe."

Mkono ukatoka mfukoni. Mzee akaushika, akaubana, akangoja mpaka naye abanwe. Nyuma yake baba wa Lionel: wa kushoto. Mama wa Lionel: wa kushoto. Wajomba, mabinamu, vijana wanaobana midomo wasicheke, Lionel mwenyewe amelowa jasho, kila mmoja wa kushoto, kila mmoja anangoja abanwe ndipo aachie. Wanawake wa nyumbani wakaanza vigelegele. Annie alikuwa ametoa daftari na kuhesabu kwa sauti, "Tisa! Kumi!" na mtaa ukaitikia naye. Kwenye kumi na tano vidole vya Basile vilikuwa vinafunguka vyenyewe kabla ya kuambiwa. Alimtafuta Fabiola kwa macho.

"Uliapa!"

"Niliapa sitamuambia Lionel," Fabiola akasema kutoka mlangoni. "Lionel sikumuambia. Niliita Mama Apollinarie kwa simu."

Ishirini na tatu. Akabaki huyo mmoja. Mama Apollinarie alisimama mbele ya Basile, na yeye hakutoa wa kushoto. Akauchukua mkono wa kulia wa Basile, akaufunga katikati ya mikono yake miwili, kwa nguvu, kama mtu anayezuia kitu kisiruke.

"Bwana yangu alianguka hivyo hivyo, mu shamba," alisema polepole. "Mudomo upande. Tulisema karuho. Tulimupeleka kwa munganga siku tatu, akamutapisha siku tatu. Hakuna muntu alituambia. Kama ungeniambia ukweli ile siku, mukwe, ningekupigia magoti. Ningesema, huyu bamemuwahi."

Basile alitaka kuomba msamaha. Alijua maneno yote ya kuomba msamaha, alikuwa fundi wa kazi hiyo. Machozi ndiyo yaliyotoka, mbele ya wakwe, suti imenyooka. Akataka kuyafuta upesi, lakini Mama Apollinarie hakuuachia ule mkono. Aliushika na kulia naye. Basi Basile akayafuta. Jicho moja, kisha jingine, kisha pua.

Annie akasimamisha kalamu yake. Josée akaweka chini sinia alilobeba.

"Baba Fabiola," akaita, "umejifuta na mukono gani?"